Ukuta Uliotulia

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa shule ameniita ofisini asubuhi, hata mkoba sijauweka chini, akaniambia kuanzia kesho nitafundisha fizikia. Mimi! Mwalimu wa historia, niliyeachana na fizikia tangu nikiwa msichana wa shule, tena kwa talaka tatu. Nilicheka, nikijua ni mzaha wa Jumatatu. Yeye hakucheka. Mwalimu wa fizikia amejifungua mapacha kabla ya siku zake, hatarudi mpaka muhula uishe, na mwenye vipindi vichache shule nzima ni mimi.

"Mwalimu ni mwalimu tu," akasema. "Kitabu si kipo?"

"Kitabu kipo, mkuu. Anayekijua ndiye hayupo."

Akanisukumia kitabu, akashika simu yake. Hapo nikajua nimefukuzwa kwa adabu.

Nyumbani mume wangu, ambaye ni mchora mabango na hajapata kukosa neno, amecheka mpaka akaweka brashi chini. Mama mkwe hakucheka. Alinitazama, akaendelea kuchambua mchele. Yule mama ni jiwe. Tumekaa nyumba moja tangu niolewe na sijui kama ananipenda au hanitaki. Nimeshaacha kujiuliza.

Mvua imeanza leo jioni.

Jumanne, 5 Machi

Mada: kani na msawazo. Nimesoma kurasa tatu mara nne. Sijatoka na kitu.

Jumatano, 6 Machi

Kitabu kinasema hivi: ukiweka kitu, tuseme kitabu, juu ya meza, dunia inakivuta chini, na meza inakisukuma juu kwa kani ileile. Meza inasukuma! Nimeisoma hiyo sentensi mbele ya darasa kwa sauti ya mtu anayeijua tangu utotoni, na moyoni nimeduwaa kuliko wao.

Kuna msichana dawati la mbele wanamwita Wakili, kwa kuwa hakuna hoja anayoiacha ipite bila kuiuliza jina la baba yake. Akasimama.

"Mwalimu, meza haina mikono. Inasukuma na nini?"

"Inasukuma yenyewe."

"Kitabu si kimetulia? Kama kuna kinachokivuta na kinachokisukuma, mbona hakiendi popote? Kilichotulia hakina kani, mwalimu. Ndiyo maana kimetulia."

Darasa likapiga makofi. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa karibu kupiga. Kengele ndiyo iliyoniokoa.

Jioni nimempigia mwenye somo lake, ambaye sasa jina lake shuleni ni Mama Pacha. Alikuwa ananyonyesha mmoja na mwingine analia. Akaniambia, "Nyoosha mkono, kiganja kiangalie juu, weka kitu kizito hapo. Usikiache kishuke. Unafanya nini?"

"Nakizuia."

"Unakisukuma juu, dada. Kimetulia kwa sababu yako. Meza nayo ndiyo kazi yake. Tena weka kitabu juu ya godoro uone, linabonyea mpaka lipate nguvu ya kukibeba. Meza inabonyea vilevile, ila kidogo mno, jicho halioni."

Nimekata simu nikakaa kitandani natazama meza yetu ya chumbani. Miaka yote hiyo imebeba cherehani, na mimi nilidhani inapumzika.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempa Wakili kamusi kubwa ya maktaba aishike mkono ukiwa umenyooka. Kamusi imetulia, yeye anatetemeka na jasho linamtoka. Amekubali nusu. Nusu nyingine anasema atafikiria.

Jumamosi, 9 Machi

Niueleze ukuta wetu, maana leo ndio habari ya nyumba nzima. Tumejenga chini ya mteremko. Nyuma ya nyumba kuna ukuta mrefu wa mawe unaozuia udongo wa kilima usitushukie. Aliujenga baba mkwe, Mungu amrehemu, kwa mikono yake. Aliacha vibomba vimepenya ukutani, safu mbili, moja usawa wa magoti na moja usawa wa kifua, na mvua ikinyesha vinatema maji ya udongo kwenye kichochoro. Chumba kinachotazamana na ukuta ni cha mama mkwe. Ukifungua dirisha lake na kunyoosha mkono, unakaribia kuugusa.

Mwaka jana mume wangu aliupaka ukuta rangi nyeupe akauchora herufi za kila namna, nene, nyembamba, za kulala, za kusimama, ili wateja wakija wachague. Katikati alipiga mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, umenyooka ajabu. Ndiyo fahari yake. Lakini kila mvua ikija, vibomba vinaulambisha ukuta michirizi ya kahawia, na yeye anaumwa kichwa.

Leo amekoroga saruji, akaviziba vyote, kimoja baada ya kingine, akalainisha, akapaka rangi juu. Mama mkwe akatoka na ufagio, akaangalia.

"Baba yako hakuwa mjinga," akasema.

"Mama, baba hakuwa na wateja."

Mama mkwe akarudi ndani. Mimi nilimsifu mume wangu. Ukuta umependeza kweli.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Ukuta hauna mchirizi hata mmoja. Mume wangu amenywea chai yake mbele yake, amesimama, kama anayetazama bibi harusi.

Jumatano, 13 Machi

Nimepata mshtuko mwingine, na huu umenitoa jasho.

Swali: sanduku liko sakafuni. Mtu analisukuma kwa kani ya nyutoni thelathini, halisogei. Msuguano wa sakafu hiyo unaweza kufika nyutoni hamsini. Je, hapo msuguano ni kiasi gani? Darasa zima limeandika hamsini. Mimi pia niliandika hamsini, tena kwa wino, maana ikiwa sanduku halisogei si lazima msuguano umemshinda anayesukuma? Nikafungua majibu ya nyuma ya kitabu. Thelathini.

Mapumziko yote nilikuwa kwenye simu na Mama Pacha.

"Kama ungekuwa hamsini na wewe unasukuma thelathini tu, sanduku lingekurudia likusukume wewe," akasema. "Umewahi kuona sanduku linalomrudia mtu?"

"Sijaona."

"Msuguano hauna hasira, unajibu kadiri unavyochokozwa. Sukuma kumi, unakujibu kumi. Sukuma thelathini, thelathini. Mpaka ufike kikomo chake. Hapo sanduku linaondoka."

"Na kabla ya kufika kikomo, mtu anayetazama anaona nini?"

"Haoni kitu. Sanduku limetulia vilevile."

Nimerudi darasani nikawaeleza. Wakili akaweka kalamu chini. Kisha akasema, "Kwa hiyo mwalimu, likisukumwa kwa kumi limetulia, na likisukumwa kwa arobaini na tisa limetulia, na sisi tunaoangalia tunaona sanduku lilelile?"

"Ndiyo."

"Mbona inatisha."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka.

Jumamosi, 16 Machi

Kamba ya kuanikia nguo imekatika na mashuka ya mama mkwe yamelala kwenye matope. Chanzo ni mume wangu, asiyeweza kuona kitu kimelegea. Kamba ilikuwa inaning'inia kidogo katikati, akaikaza mpaka ikalia kama gitaa. Mashuka mawili mabichi tu, ikakatika. Kumbe hata hilo limo kitabuni, mlango wa tano: kamba ikinyooshwa sana, mzigo uleule unaivuta zaidi. Nikamsomea. Akasema kitabu hicho kimeanza kunipanda kichwani. Mama mkwe ameyafua mashuka upya.

Jumanne, 19 Machi

Leo nimesoma kwamba gari linalokwenda mwendo usiobadilika kwenye barabara iliyonyooka, nalo kani zake zimesawazika, sawa na sanduku lililotulia. Nimefunga kitabu. Kuna mambo mtu asiyasome akiwa na njaa.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Nilikuwa jikoni nachuja chai, jicho likaangukia dirishani. Bati linatiririka, mfereji unatiririka, kila kitu uani kinatiririka. Ukuta peke yake mweupe, safi, bila hata mchirizi.

Chai ikamwagika mezani, nami sikuiona mpaka iliponiunguza mguu. Yale maji yaliyokuwa yakitoka kwenye vibomba kila mvua, mwaka huu yako wapi?

Yako nyuma ya ukuta. Hayana pengine pa kwenda.

Nimemwambia mume wangu akiwa bado hajavua viatu. Amenisikiliza, sikatai. Halafu akaniuliza, "Umeona ukuta umesogea?"

"Sijaona."

"Basi."

Hilo ni jibu la Wakili la siku ya kwanza, limetoka kinywani mwa mtu mzima mwenye ndevu. Kilichotulia hakina kani. Nikamwambia ukuta unajibu kadiri unavyosukumwa, leo umetulia na kesho umetulia na keshokutwa umefika kikomo. Akaniambia nikasahihishe madaftari.

Ijumaa, 22 Machi

Mama Pacha amesema maji ni mazito kuliko watu wanavyodhani, na udongo uliolowa hausimami wenyewe, unaegemea. "Vibomba vile vilikuwa ndiyo uzima wa huo ukuta," akasema. Sikulala vizuri.

Jumapili, 24 Machi

Nimepata ushahidi, na bora nisingeupata.

Niliutazama ule mstari mwekundu kutoka pembeni, shavu nimeligusisha ukutani kama ninayenusa. Haukuwa umenyooka. Nikamwita mume wangu aje na uzi wake wa chaki, ule anaopigia mistari. Alikuja, kwa kuwa mtu akimtilia shaka mstari wake ni sawa na kumtukania ukoo. Tukashika ncha, yeye pembe hii, mimi pembe ile, tukavuta. Uzi ukagusa ukuta katikati tu. Kwenye ncha, kwake na kwangu, kati ya uzi na ukuta palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja.

Ukuta umeota kitumbo.

Nilimwona uso wake. Nimeolewa naye muda wa kutosha, najua uso wa mtu aliyeona. Mama mkwe naye alikuwa dirishani kwake, ameona tulichoona.

"Uzi umelowa," akasema mume wangu.

"Uzi uliolowa unapinda kwa nje?"

Akaukunja uzi akaondoka. Sikuamini. Mtu huyu akiona herufi imepinda kwa upana wa kucha anaifuta na kuichora upya. Leo ameuona mstari wake mwenyewe umevimba na ameuacha.

Jumanne, 26 Machi

Nimemwomba mama mkwe ahame kile chumba. "Nitahamia wapi?" akasema. "Humu nimelala na marehemu, humu nitalala." Nikasema sebuleni pana nafasi. Akanitazama na lile jicho lake. Nikatoka.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua.

Jumamosi, 30 Machi

Wifi yangu amekuja kumsalimia mama yake, na leo nimeambiwa jambo lililonikalisha chini.

Ilianza na ukuta. Nilimwambia wifi asaidie kumshawishi mama. Akasema nimeingia nyumba hii kutafuta kasoro, kwanza sipiki mchana, pili narudi jioni, tatu sasa najifanya fundi. Nikamwambia nafanya kazi. Hapo akalipuka.

"Hiyo kazi unayoringia! Unajua ni mara ngapi mimi na kaka tumesema uiache ukae nyumbani? Ungekuwa umeiacha zamani, isingekuwa mama! Kila tukilileta mama anakaa mlangoni. Anasema mwanamke huyu akiacha kazi, na mimi naondoka nyumba hii. Kila mwaka hivyohivyo!"

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamgeukia mama mkwe, amekaa kwenye mkeka na kisu cha kumenyea. Hakuinua macho.

"Mama, ni kweli?"

"Viazi vinataka maji," akasema.

Nimejifungia chumbani. Sikujua kama nilie au nicheke. Miaka yote hiyo nilikuwa naamka, navaa, naenda kazini, narudi, nikidhani hakuna aliyenipinga na hakuna aliyenitetea. Nilimwita jiwe. Hata kwenye daftari hili nimemwita jiwe, limeandikwa, na sasa naona aibu kulifungua ukurasa wa kwanza.

Jumapili, 31 Machi

Asubuhi nimemfuata chumbani kwake. Safari hii sikuomba. Nikafunga mlango nusu, nikamwambia, "Mama, wewe sukuma kutoka ndani, mimi nasukuma kutoka nje. Tusikubali usogee."

Alidhani nimerukwa na akili. Lakini alishika. Jamani yule mama ana nguvu! Nilikaza miguu, nikakaza meno, mishipa ya shingo ikanitoka, na mlango umetulia tu katikati, hauendi huku wala kule.

"Mtu akipita hapa sasa," nikasema huku nahema, "ataona nini?"

"Mlango," akajibu kutoka upande wa pili, naye anahema.

"Umetulia?"

"Umetulia, na mimi nakufa huku!"

Nikalegeza mikono. Mlango ukanijia, na mama mkwe akatoka nao mzimamzima, akaniangukia kifuani, tukaenda chini wote wawili. Nikasubiri kutukanwa. Akaanza kucheka. Sijapata kumsikia akicheka. Anacheka kwa kukosa pumzi, kama mtoto anayetekenywa.

Alipotulia akageuka, akautazama ukuta kupitia dirisha lake. Alitazama muda mrefu.

"Na kile kitumbo ni mlango unaochoka," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nisaidie kubeba godoro, mwanangu."

Mwanangu. Hajapata kuniita hivyo. Amehamia sebuleni kabla ya chakula cha mchana.

Jumatatu, 1 Aprili

Mume wangu alirudi jana akamkuta mama yake sebuleni. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema, "Sawa. Mnanifanya mjinga nyumbani kwangu. Kama chumba kile kinaua, mimi nitalala humo." Akachukua mto wake.

Nilidhani ni hasira za jioni. Asubuhi nimemkuta amelala kwenye kitanda kitupu cha mama, chini ya lile dirisha, amejifunika shuka mpaka kichwani. Nilimwambia avizibue vibomba, basi, na mimi nitanyamaza maisha. Akasema hawezi kuitoboa rangi mpya.

Darasani nilimfundisha nani, sijui.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua kubwa, naye bado analala mle. Ameamka.

Jumatano, 3 Aprili

Ameamka. Juu ya ukuta, kwenye udongo wa kilima, pametokea ufa unaoingiza vidole. Nimemwonyesha. Akasema ni ardhi tu, ardhi hupasuka. Mvua inanyesha, mume wangu, ardhi inapasukaje?

Ijumaa, 5 Aprili

Ameamka. Mama mkwe naye siku hizi anaamka alfajiri, anakwenda kusimama mlangoni pale. Akisikia mwanawe anakoroma anarudi sebuleni.

Nimewaomba mafundi wawili waje, wote wamesema mvua ikikatika.

Jumamosi, 6 Aprili

Nitaandika kama ilivyotokea.

Tulikula mchana. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Mume wangu akaingia chumbani kule kujinyoosha, kama anavyofanya kila Jumamosi. Mimi nikaosha vyombo. Mama mkwe akaja jikoni ameshika mtaimbo wa marehemu. Sikujua hata kama bado upo.

"Twende," akasema.

"Mama, atasikia."

"Asikie."

Tukaenda kwenye pembe ya ukuta, ile iliyo karibu na jikoni, mbali na kitumbo. Nilimkataza kukisogelea, na akatii. Yeye alishika mtaimbo mahali pa kibomba cha kwanza, anapajua kama anavyojua vidole vyake, na mimi nikagonga kwa nyundo. Rangi ikabanduka, saruji ikapasuka. Mara kile kizibo kikaruka. Sisemi kilianguka, nasema kiliruka! Kilivuka kichochoro kikagonga ukuta wa jikoni, na nyuma yake maji mekundu yamenyooka hewani, mazito kama mkono. Yalinipiga kifuani nikakaa chini. Nilikuwa nimesoma, nimefundisha, nimechora mishale ubaoni, na bado sikuwa nimeamini. Yote hayo yalikuwa mle, siku zote hizi, na ukuta umetulia.

Mama mkwe hakusimama. "Cha pili!" Tukazibua cha pili. Maji yakatufika magotini, na nyundo sasa inapiga kelele ya kuamsha mtaa.

Ndipo akatoka. Amevaa fulana, miguu mitupu, alama ya mto shavuni. Akazunguka pembe ya nyumba akiwa anafoka tayari.

"Nani kawatuma? Nasema nani kawatuma! Ukuta wangu! Mama, na wewe! Na wewe mama!"

Akaja moja kwa moja akashika mtaimbo mikononi mwa mama yake. Akauvuta. Mama akauvuta. Nakumbuka nilifikiri, hawa nao watasimama hapa mpaka kesho.

Kisha ukasikika mlio, kama mtu mkubwa anayejinyoosha. Nilimwona mama mkwe akitazama kitu nyuma ya mwanawe. Akaacha mtaimbo, akamshika fulana kwa mikono yote miwili, akamvuta kwake, na mimi nikawavuta wote wawili kuelekea jikoni.

Ukuta ulitoka pale kwenye kitumbo. Haukuanguka kama ninavyojua kuanguka. Ulifunguka. Mawe, tope, herufi, mti mzima wa kilimani, vyote vikaingia dirishani kwa mama mkwe kwa pamoja, na paa la chumba likakaa chini taratibu juu yake. Halafu kukawa kimya. Maji tu.

Tulikuwa tumekaa kwenye matope mlangoni pa jikoni, watatu, tumeshikana. Mume wangu alijichomoa akaenda mpaka pale dirisha lilipokuwa. Hapakuwa na dirisha. Ncha ya kitanda ilikuwa inaonekana chini ya jiwe moja, chuma chake kimekunjwa kama waya wa kuanikia. Akaitazama. Akageuka akatutazama sisi.

"Nilikuwa nimelala," akasema. "Mimi nilikuwa nimelala pale sasa hivi."

Mama mkwe akanyanyuka, akamwendea, akamzaba kofi. Mtu mzima mwenye ndevu! Kofi lililosikika mpaka barabarani. Kabla mkono haujashuka, mkono wa pili ulikuwa umeshamshika kichwa, ameubana uso wake begani, na anamwambia kitu ambacho sikukisikia, na mume wangu analia kwa sauti kubwa kama nilivyowahi kusikia watu wakilia msibani.

Majirani wamekuja na majembe. Waliuliza nani yumo ndani. Nikajibu hakuna.

Jumapili, 7 Aprili

Jirani mmoja ameuliza, kwa nia njema tu, kama si sisi tuliouangusha kwa kuugonga. Nimempigia Mama Pacha nikamuuliza hivyohivyo. Akasema huenda kugonga kuliuharakisha, huenda mngeuacha ungeanguka usiku, hakuna mtu anayeweza kukwambia. "Ninachojua, ulikuwa umefika mwisho," akasema. Nimeuliza mara tatu zaidi kwa maneno mengine, nimepata jibu lilelile.

Mume wangu hajauliza. Mimi ndiye ninayejiuliza. Kama tusingegonga asingeamka. Kama asingekasirika asingetoka. Kilichomtoa chumbani ni hasira, basi. Kila nikifika hapo naacha.

Jumatatu, 8 Aprili

Sikwenda kazini. Mkuu wa shule amesema nikae mpaka nipate nguvu.

Jua limetoka. Mume wangu hajafumba jicho tangu Jumamosi, kila akijilaza anaruka. Leo, baada ya uji, mama mkwe akamtandikia sebuleni, katikati kabisa, mbali na kuta zote. Akakaa upande wa kichwani, nami nikakaa miguuni. Akalala.

Mpaka naandika hivi ni alasiri na bado amelala. Mama mkwe hajainuka, wala mimi. Tumekaa, tunaangalia shuka linapanda, linashuka.